UZI: Nimelishika faili la mirathi ya baba wa babu yangu pale Kilimani, na mama wa babu yetu hamo katika warithi

BintiWeni

Assalaam alaykum wanaukumbi. Naomba mnivumilie, maneno ni mengi, na nikiyafupisha yatakuwa si yenyewe.

Mimi ni mzaliwa wa Wete, mwalimu mstaafu. Kwa miaka mingi nimekuwa nikitafuta khabari za shamba la baba wa babu yangu, lililokuwa upande wa Ziwani. Simo mbioni kulidai, na hilo naliweka wazi mapema kwa kuwa najua litaulizwa. Nilichokitaka ni kujua nani alikuwa nani. Kwetu likitajwa jina la bibi mzaa babu, wazee walikuwa wakisema "yule alitoka Ngazija", yaani Komoro, kisha mazungumzo yanahamia kwenye mvua au bei ya karafuu. Tangu mdogo nilihisi pana mlango pale, na kila mtu ameuegemea kwa mgongo.

Ofisi moja niliyokwenda kuuliza zamani nilijibiwa kwa mdomo tu kwamba karatasi za kabla ya Mapinduzi zilichomwa moto zote, nisijisumbue. Nikaamini. Nimekaa na imani hiyo miaka tisa, na katika miaka hiyo wamekufa wazee watatu ambao wangeweza kunisomea niliyoyakuta juzi.

Karatasi zipo. Zipo Nyaraka, hifadhi ya karatasi za zamani za serikali, pale Kilimani mjini Unguja, taasisi iliyoanzishwa 1956 zama za Muingereza. Wengi humu mnapita pale kila siku na daladala. Makundi ya mafaili yanakwenda kwa herufi: AA ni karatasi za ubalozi wa Kiingereza, AB ni za Sekretarieti, HC ni za Mahakama Kuu, HD ni za Kamisheni ya Wakfu. Nilipokwenda mara ya kwanza niliangalia orodha nisione kitu cha kwetu. Safari hii nikaikuta bahasha ya mirathi ya Pemba, ambayo wakati ule sikuiona kwenye orodha, nikaiandikia namba na kukaa kusubiri. Nilikuwa na penseli, daftari la mistari na miwani.

Faili lililoletwa ni jembamba, kama daftari la mtoto wa darasa la pili, limetungwa uzi mweupe uliogeuka rangi ya chai. Juu ni karatasi moja ya Kiingereza, nusu imechapwa na nusu imejazwa kwa mkono. Chini yake karatasi kumi na moja za hati ya Kiarabu, na katika hizo nne ni Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Hizo nne niliweza kuzisoma mwenyewe, kwa sababu marehemu babu alinifundisha kusoma kwa hati hiyo kabla sijaenda skuli. Wino umekula karatasi pahala pengine mpaka herufi zimekuwa matundu. Nilikuwa nafunua ukurasa kwa vidole viwili, kama mtu anayemfunua uso mgonjwa aliyelala.

Marehemu alifariki usiku wa Ijumaa, 21 Rajabu 1325. Karani wa Kiingereza ameandika tarehe 30 Agosti 1907. Kwa hesabu zetu usiku wa Ijumaa ni Alhamisi jua likishatua, kwa hiyo alikufa tarehe 29 baada ya magharibi. Niliikokotoa mara mbili nikiwa pale pale kitini. Ni siku moja tu, lakini nilijisikia nimemrudishia kitu chake.

Mali yake haikupimwa kwa heka. Imehesabiwa miti: mikarafuu mia mbili na kumi na mbili izaayo, thalathini isiyozaa, minazi arubaini. Mipaka inatajwa kwa jirani, kibla (kaskazini) shamba la fulani, suheli (kusini) njia ya kwendea pwani, matlai (mashariki) bonde la mpunga. Deni kwa tajiri wa Kihindi, rupia mia tatu na ushei.

Kisha warithi. Mke mmoja, watoto wa kiume wawili, wa kike watatu. Mkono wa kadhi umegawa mali mafungu manane: mke thumni yake, yaani fungu moja, kila mwanamme mawili, kila mwanamke moja. Moja na nne na tatu, nane. Imekamilika, hakuna kilichobaki.

Mtoto wa kiume wa pili ni babu yangu. Mke aliyetajwa si mama yake. Ni mwanamke mwengine kabisa, wa ukoo mwengine, na jina lake sijawahi kulisikia nyumbani kwetu hata siku moja.

Nilihesabu tena. Wangekuwa wake wawili, ile thumni ingegawika baina yao na mafungu yasingekuwa manane, yangekuwa kumi na sita. Hesabu ya mirathi haina mahala pa kumficha mtu. Bibi yetu hayumo.

Ntaendelea, naona adhana inaadhiniwa.

Baharia_Mkoani

Waalaykum salaam mwalimu. Nimesoma mpaka mwisho nimesimama jikoni, chai imepoa.

Tarehe umeipatia sawa. Ila zingatia mwezi wa kuandama: kalenda ya kukokotoa na mwezi ulioonekana Pemba mwaka ule zinaweza kupishana siku moja. Ukipata karatasi inayotaja siku ya wiki, shika siku ya wiki, tarehe ndiyo uirekebishe. Wazee wetu siku ya Ijumaa hawakuikosea kamwe.

Na hiyo suheli na matlai nimefurahi kuiona. Sisi baharini bado twazitumia. Watoto wa skuli ukiwaambia kibla ni kaskazini wanakushangaa, lakini kwetu huku Makka iko juu, ndiyo maana.

Kijana_wa_Chake

Bi mkubwa shikamoo. Naomba kuuliza bila ya kukosa adabu. Huyo bibi si angeweza kuwa ameachwa? Mtalaka harithi. Au pengine alitangulia yeye kufa. Si lazima iwe lile ambalo sote tunaliwaza hapa na hatulisemi.

BintiWeni

Marahaba mwanangu. Swali lako ni zuri, na mimi mwenyewe nilijipa matumaini hayo kwa muda wa dakika kumi, nikimshukuru Mungu kwa kila talaka iliyopata kutolewa Pemba. Kufa hakutangulia, maana baba yangu alimdiriki. Ikabaki talaka.

Kisha nikafika karatasi ya tisa.

Karatasi ya tisa ni mashtaka madogo ndani ya faili hilo hilo. Mtoto mkubwa wa kiume, yule wa mke, anasema kuna kibanda na minazi kumi na miwili upande wa suheli, navyo ni mali ya marehemu, viingizwe katika mafungu. Anayebisha ni mwanamke, na jina lake ni la bibi yetu. Sitalitaja hapa. Kadhi amemwandika "ummu waladi wa marehemu".

Kwa vijana msiojua: ummu waladi ni suria aliyemzalia bwana wake. Watoto wake ni huru na wanarithi sawasawa na watoto wa mke. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yetu, bwana akifa yeye mwenyewe huwa huru. Lakini kurithi, harithi. Si mke.

Kwa hiyo babu yangu alipewa mafungu mawili kati ya manane, na mama aliyemzaa akasimama mbele ya kadhi kutetea kibanda.

Mzee_wa_Ngambo

Dada yangu, nakuheshimu, na naona umesoma. Lakini haya ya nini kuyaleta barazani? Marehemu wamekwenda na siri zao, sisi tunawafukua. Zanzibar hii tumeumizana sana kwa maneno ya nani asili yake nini. Mimi nimeona ghasia za uchaguzi za mwaka sitini na moja na nimeona Mapinduzi ya sitini na nne. Nimeona mtu anaulizwa kabila lake na jibu lake ndilo uhai wake. Leo watu wanaoana, wanazikana, hakuna anayeuliza. Wewe umetaja la kwenu, ni hiari yako. Kesho atatokea mwengine ataingia humo Nyaraka na kutoka na jina la bibi wa jirani yake, alibandike kwenye simu. Hapo tutamzuiaje? Makaburi hayafukuliwi.

BintiWeni

Mzee wangu, shikamoo. Maneno yako nayaweka kichwani, na katika yote yaliyosemwa ndiyo yaliyonizuia usingizi.

La jirani nakubaliana nawe moja kwa moja. Katika faili lile mna majina ya watu ambao wajukuu wao nawajua, nasali nao, nimewafundisha watoto wao. Sijaliandika hata moja katika daftari langu. Mtu akienda Nyaraka akatafute wake, na akikutana na wa mwengine ageuze ukurasa.

Ama la kwangu, siwezi. Nitakwambia kilichonishinda. Wazee wetu walisema "alitoka Ngazija" kwa kumsitiri, na nia yao najua ilikuwa njema. Lakini kwa kumsitiri vile tukampoteza. Hatumjui alikuwa mtu wa namna gani. Hatuna hata kisa kimoja chake. Na sasa nimemkuta kwenye karatasi amesimama peke yake mbele ya kadhi, karani na watoto wa mke, anasema minazi ile ameipanda yeye kwa mkono wake na marehemu alimpa hiba akiwa hai na akili zake timamu, na mashahidi wawili anao. Mwanamke yule alikuwa na ulimi. Mimi nimekaa miaka sitini namdhania kivuli.

Kingine, mzee wangu. Sayyid Majid na Sayyid Barghash wote walikaa kwenye kiti cha Unguja, na wote mama zao ni masuria. Waliowazaa wafalme hawakuonewa haya. Wa kwetu aliyemzaa mkulima wa karafuu tumemwonea haya kwa nini?

Mzee_wa_Ngambo

Marahaba mwanangu. Hapo umenipa la kufikiri. Siyafuti niliyoyasema. Ila endelea, nakusikiliza.

Mwanafunzi_Historia

Shikamooni wakubwa. Nasoma historia chuoni, naomba niongeze kidogo kuhusu mwaka, maana 1907 si mwaka wa hivi hivi.

Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa 1873 kwa mkataba wa Barghash na Waingereza. Ila kuuza watu ni jambo moja na kuwamiliki ni jengine. Utumwa wenyewe sheria iliugusa mwezi wa Aprili 1897, na haikumwacha mtu huru kwa siku moja. Ilimbidi mtumwa aende mwenyewe mahakamani aombe. Akionekana hana pa kukaa wala pa kupatia riziki anaweza kuhesabiwa mzururaji. Bwana wake ndiye anayelipwa fidia. Pemba kazi hiyo alipewa Archdeacon Farler, kasisi wa Kianglikana, kama kamishna, na Maquaker, wamisionari wa Kikristo wa pale Banani, Theodore Burtt na wenzake, walikuwa wakilalamika kwamba mambo yanakwenda pole pole mno. Maombi ya watu wale ni sehemu ya karatasi anazozisema mwalimu.

Masuria waliachwa nje. Sheria ya 1897 ilisema wahesabiwe kama wake wa nyumbani, wasiondoke ila kwa sababu kama kuteswa. Walifunguliwa mlango 1909 tu.

BintiWeni

Umenifungua macho, mwanangu, na umeniumiza pia. Nimeisoma mara tatu. Yaani mwaka 1897 sheria ya serikali inamwambia bibi yetu: wewe ni kama mke, kwa hiyo huna ruhusa ya kuondoka. Miaka kumi baadaye bwana amekufa, mirathi inagawiwa, anaambiwa: wewe si mke, huna fungu. Alikuwa mke pale palipokuwa na mzigo, na pale palipokuwa na haki hakuwa. Sheria mbili tofauti, ya Sultani iliyoandikwa na Waingereza na ya dini iliyo mkononi mwa kadhi, na yeye amebanwa katikati yake.

Nilikasirika jana usiku mpaka nikatoka nje kukaa barazani. Mtu niliyekuwa namkasirikia nilimkosa. Kadhi kwa kweli alimtendea haki kwa ile sheria aliyokuwa nayo.

Wakili_Vuga

Mwalimu umesema hudai shamba, Allah akujaalie kheri, umejiokoa. Lakini kwa kuwa uzi huu unasomwa na wengi na tayari nimetumiwa ujumbe na watu wanne wakiuliza "mimi nikilipata la babu yangu je?", niseme.

Faili la mirathi si hati ya kumiliki. Linathibitisha kwamba mwaka fulani fulani alihesabiwa mwenye mali. Baina yake na wewe kuna mambo mengi yamepita: madeni na bei ya kheria ambayo mtu aliuza shamba kwa sharti la kulikomboa na asilikomboe, kisha Mapinduzi ya 1964, ardhi ikachukuliwa na serikali na wananchi wakagaiwa heka tatu tatu, kisha sheria ya ardhi ya 1992, ambayo imeifanya ardhi yote kuwa mali ya umma chini ya Rais, na mtu hupewa haki ya kuitumia. Aliyeko juu ya shamba lile leo huenda ni mjukuu wa aliyepewa heka tatu, naye amezika wazee wake hapo hapo. Usimtokee mtu huyo mlangoni na karatasi ya Rajabu 1325.

Pahala ambapo karatasi hizi zinasaidia kweli kisheria ni kwenye wakfu. Kamisheni ya Wakfu ipo tangu 1905, na kuna misikiti, visima na makaburi ambayo mipaka yake watu wanagombania leo kumbe imeandikwa zamani, jirani kwa jirani. Nimeona kesi moja ikitulia kwa sababu tu mtu alikuja na nakala. Huko ndiko ningewashauri vijana wenye nguvu wapeleke macho yao.

Mpemba_London

Salaam kutoka kwenye baridi. Mimi nipo huku miaka ishirini na mbili, na nimewahi kwenda Kew kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza mara nyingi, nikitafuta mambo ya kwetu. Atakayekuja ajue kwamba Zanzibar ilihamishwa kutoka wizara ya mambo ya nje kwenda ya makoloni 1913. Kwa hiyo ya kabla ya hapo tafuta FO 54, FO 84 na FO 107, na ya baada yake CO 618. Lipo pia kundi la FCO 141, karatasi zilizosafirishwa kutoka makoloni wakati wa uhuru na kufichwa. Serikali ya Uingereza ilikiri kuwa inazo 2011, wazee wa Maumau wa Kenya walipoishitaki mahakamani London. Zikafunguliwa kwa mafungu mwaka 2012 na 2013. Wale wazee walitufungulia sisi sote, hata wasiotujua.

Lakini mwalimu, nikwambie kitu. Huku Kew nimewakuta mabalozi, masultani, bei za karafuu, barua za malalamiko ya meli. Mtu mwenye minazi kumi na miwili sijamkuta. Huyo yupo Kilimani. Nimesoma uzi wako ndani ya basi, nimepitiliza kituo.

Kijana_wa_Chake

Bi mkubwa, kadhi aliamua nini? Umetuacha njiani.

BintiWeni

Samahani mwanangu, nilikuwa safarini, na safari yenyewe ndiyo nitakayoieleza.

Kadhi aliwasikiliza mashahidi wawili. Mmoja alikuwa mkwezi aliyekuwa akiangusha nazi za marehemu. Aliapa kwamba alikuwepo marehemu alipomkabidhi kibanda na minazi, na kwamba tangu siku ile nazi za upande wa suheli alikuwa akizipeleka kwa yule mama na hazichanganyi na nyengine. Hicho kifungu kimeandikwa kwa Kiswahili, na karani ameandika "akiangua", kama tusemavyo mpaka leo. Hiba ikathibiti kwa sababu alipewa na akapokea. Vikatolewa katika mafungu. Karatasi ya kumi ni nakala ya khati aliyopewa yeye mwenyewe mkononi, mistari saba tu, na chini upande wa kushoto pana alama yake: duara dogo la wino, halikufunga vizuri, limeacha upenyo upande wa juu. Nililiangalia duara lile kwa muda mrefu. Kalamu ilimtetemeka au ilikuwa mara yake ya kwanza kuishika, sijui. Ndicho kitu pekee alichokifanya kwa mkono wake ambacho nimepata kukiona.

Kabla ya kuandika zaidi hapa niliona lazima nimwambie mtu mmoja. Shangazi yangu yupo Kengeja, ana miaka tisini na tatu, ndiye mkubwa wetu aliyebaki. Maneno ya Mzee wa Ng'ambo yalikuwa yananipigia kichwani. Nikasema nikamwambie yeye kwanza, akinikataza nitafuta uzi wote.

Nilimkuta amekaa ukumbini anachambua karafuu za mjukuu wake, makonyo huku, karafuu kule. Macho hayaoni sawasawa lakini vidole vinajua. Nikamsalimia, nikamshika miguu, nikakaa chini kwenye jamvi. Nikaanza mbali, nikazunguka, nikaingia kwa Nyaraka, nikaingia kwa faili. Nilipofika kwenye lile neno la kadhi sauti ilinikauka. Nikamwambia tu, "Shangazi, bibi alikuwa si mke."

Hakuacha kuchambua. Akasema, "Mwanangu, hilo nalijua mie tangu sijavunja ungo. Alinambia mwenyewe."

Nikamuuliza mbona hamkutwambia. Akanijibu kwamba walikatazwa na kaka zao, na baadaye wakasahau kuwa wamekatazwa, ikawa ndiyo khabari yenyewe. Bibi mwenyewe hakuwa akijificha. Alikuwa akisema wazi kwamba aliletwa mdogo, kwao ni bara mbali, mtoni, jina la mto ule hakulishika. Ngazija hajawahi kuikanyaga.

Kisha nikamsomea ile karatasi ya kumi kutoka kwenye daftari langu, mistari yote saba. Nilipofika kwenye minazi kumi na miwili akaacha kuchambua.

Akaniuliza, "Karatasi hiyo ni ndogo hivi?" akanionyesha kwa kiganja.

Nikamwambia khati yenyewe sijaiona, nimeona nakala iliyobaki kwa kadhi.

Akasema bibi alikuwa na kitu alichokifunga kwenye pindo la kanga yake. Akifua kanga hufungua, hukifunga kwenye nyengine. Akilala hukiweka chini ya mto. Wao watoto walikuwa wakiamini ni hirizi, na walikuwa wakiogopa kukigusa, maana bibi alikuwa mpole kwa kila kitu ila hicho. Siku moja kaka yao alikichukua kukichezea, na hiyo ndiyo siku pekee waliyomuona bibi kampiga mtoto. Alipokufa, waliomkosha hawakujua ni nini. Mmoja akasema ni hirizi, wakaitia baharini kama inavyofanywa.

Shangazi akanyamaza. Kisha akasema, "Kumbe ilikuwa nyumba yake."

Baharia_Mkoani

Subhanallah.

Mzee_wa_Ngambo

Mwalimu, Allah amrehemu bibi yako. Usiufute uzi. Na mimi nina la kwangu. Baba yangu alikuwa na jina ambalo kwetu ukilitaja wakubwa hubadilisha maneno. Nilikuwa nimeshaazimia kuondoka nalo. Huko Kilimani wanafungua saa ngapi? Na mtu asiyejua Kiarabu anafanyaje?

BintiWeni

Amin, mzee wangu. Nenda asubuhi, na kitambulisho. Chukua penseli, kalamu ya wino iache nyumbani. Kupiga picha uliza kwanza. Muone msaidizi wa chumba cha kusomea, umwambie jina, sehemu na takriban mwaka gani mtu alikufa. Mwaka ukiupata hata kwa kukisia umeshafika nusu ya njia. Gazeti la Serikali limekuwa likitoka tangu 1892, nalo ukilipekua huweza kukutana na tangazo la mirathi lenye jina unalolitafuta. Kumbuka tu kuwa kabla ya 1936 pesa ni rupia, usije ukadhani ni shilingi na hesabu ikakupotea. Kuhusu Kiarabu, nikiwepo nitakusomea mimi. Za Kiswahili hazina tabu, na za Kiarabu chenyewe nina mwanafunzi wangu wa zamani, ni maalim wa chuoni, anajua hati za makadhi kuliko mimi.

Nami nitakuwepo karibuni, kwa sababu shangazi amesema anataka kwenda.

Nilimwambia shangazi macho yako hayatosomea. Akasema hataki kusoma, anataka kuishika. Akaniuliza ile alama ya duara iko upande gani wa karatasi ili nimwekee kidole chake hapo. Wanawe walikataa kwanza kwa ajili ya bahari, sasa wamekubali ila tusubiri upepo utulie. Tutaingia boti ya Mkoani Jumatatu ya wiki ijayo inshaallah, na kiti cha magurudumu tumeazima.

Kwa hiyo nina ombi moja kwa walioko mjini. Kutoka bandarini Malindi mpaka Kilimani daladala haitamfaa. Kuna mwenye gari yenye mlango mpana, ambayo mtu mzima anaweza kuingia bila ya kunyanyuliwa? Mafuta nitatia mimi.

Wakili_Vuga

Gari ninayo, na mafuta yamo. Niandikie pembeni saa ya boti, nitakuwa getini.

Kijana_wa_Chake

Bi mkubwa, nami nitakuwa boti hiyo hiyo. Nitamsukuma shangazi mimi.